Bunduki ya mitutu miwili kwenye nchi ya ukungu: kuitunza, kuikagua na kuirekebisha kitako

Bunduki ya marisau huku Nyanda za Juu Kusini haichakazwi na risasi. Mwenye nayo wa kawaida, mwenye shamba la mahindi Uporoto au la chai Mufindi, anaweza kumaliza mwaka bila kumaliza boksi moja la risasi 25. Kinachoimaliza ni kabati. Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi ni ya kugandisha maji nje, na Mbeya mjini kwenyewe ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chuma kilichokaa nje alfajiri kikiingizwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa kinatoa jasho muda huohuo. Mwenyewe anafuta mitutu kwa nje, anaridhika, anaifungia. Ndani ya mtutu jasho limebaki.

Haya yanahusu shotigani ya mitutu miwili inayolala sambamba, geji 12, ile ya kukunja katikati kwenye bawaba. Zilizopo huku kwa kiasi kikubwa ni za aina mbili: Baikal za kiwanda cha Izhevsk, Urusi, hasa IZH-43 na ile iliyoitangulia, IZH-58, na za zamani zaidi za Uingereza na Ubelgiji zilizoachwa na enzi za mashamba ya walowezi. Zote ni za chuma kigumu na mbao, hazina vitu vingi, na ndiyo maana zinavumilika. Shotigani za pampu wanazobeba walinzi zina mambo yake.

Karatasi kwanza, kwa ufupi. Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Silaha bila leseni yenye jina lako ni kosa la jinai, hata kama ni ya marehemu baba na imekuwa nyuma ya mlango tangu ukiwa mtoto. Mzee akifariki, bunduki inapelekwa polisi ihifadhiwe huku mirathi na maombi ya mrithi yakienda. Haigawanywi kama ng'ombe. Kama ilipita kwenye uhakiki wa mwaka 2016, karatasi ya uhakiki ikae pamoja na leseni. Na kabla hujaenda popote, linganisha namba. Kwenye mitutu miwili namba ya silaha kwa kawaida iko sehemu tatu: kwenye chuma cha mtambo, yaani sehemu ya katikati yenye triga na pini za kupiga (mara nyingi kwenye mkia wa kilinda-triga), chini ya mitutu pale bapa karibu na chemba, tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi, na kwenye chuma cha kishikio cha mbele. Ukikuta mitutu ina namba nyingine, usidharau. Inawezekana ilibadilishwa miaka ya nyuma, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Jambo la pili ambalo watu wanalidharau ni kujua bunduki yenyewe inakula risasi gani. Ivue kishikio cha mbele, toa mitutu, igeuze juu chini, usafishe zile bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha tazama mihuri ya majaribio kwa miwani. Ya Birmingham, Uingereza, ina herufi BP, BV na NP kila moja chini ya taji, au BNP kwa za baada ya 1954. Hiyo NP ndiyo unayoitafuta: ina maana ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, yaani baruti ya risasi za leo. Ya Liège, Ubelgiji, ina herufi ELG ndani ya duara refu, na taji juu yake kwa zilizopigwa muhuri tangu 1893. Simba mdogo juu ya herufi PV ndiye wa baruti isiyo na moshi. Kama huoni alama hiyo, na mitutu ina michoro ya mawimbi mawimbi kwenye chuma chenyewe, huo ni mtutu wa damaski, umesukwa kwa tepe za chuma zilizozungushwa na kuchomelewa. Ulitengenezwa kwa baruti nyeusi. Utundike ukutani baada ya kuzungumza na polisi, usiutie risasi ya dukani.

Kisha urefu wa chemba. Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65, na za kabla ya 1925 kwa kawaida hazikuandikwa urefu. Risasi nyingi za madukani ni za milimita 70. Ukiichukua ya 70 ukaiingiza kwenye chemba ya 65, inaingia bila shida na bunduki inafunga vizuri, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi zaidi. Ikipigwa, mdomo unafunguka ukiwa tayari umeingia kwenye shingo inayobana mbele ya chemba, njia inazibwa, na mgandamizo unapanda. Bunduki haipasuki siku ya kwanza. Inalegea bawaba, inapasua kitako, na mwenyewe anasema ni uzee.

Kupima ni rahisi. Kata kipande cha plastiki ngumu, kama cha kadi ya benki iliyokwisha muda, upana wa milimita 20.3, urefu kama sentimita 10. Pima upana kwa kalipa, usikisie. Kitelezeshe kwenye chemba kikiwa kimesimama wima katikati hadi kikatae. Weka alama pale kinapokutana na mwisho wa mtutu upande wa nyuma, kitoe, pima. Ukipata 65, 67 au chini ya 70, nunua risasi za 65 na nyepesi, basi. Usimruhusu fundi akuchimbie chemba iwe ndefu. Ukuta wa chuma pale mbele ya chemba ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu yoyote, na muhuri wa majaribio hauhesabiki tena chuma kikishachongwa.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji karakana. Kwanza fungua, hakikisha chemba zote mbili ni tupu kwa macho na kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Halafu:

Bawaba. Ondoa kishikio cha mbele, funga bunduki, shika kitako kwa kwapa, tikisa mitutu kushoto na kulia, juu na chini. Kishikio kikiwa mahali pake kinaficha ulegevu, ndiyo maana wauzaji hawapendi ukitoe. Ukisikia kugonga, chukua kipande cha karatasi ya ofisini, ambayo ina unene wa kama milimita 0.1, kiweke kati ya mitutu na uso wa mtambo, ufunge. Kwenye bunduki nzima karatasi inabanwa au bunduki inagoma kufunga. Ikifunga na karatasi ikatoka kwa kuvuta kidogo, mtambo umeachana na mitutu. Chanzo chake mara nyingi ni bawaba kavu iliyofunguliwa na kufungwa miaka kwa miaka bila grisi, au tabia ya kuifunga kwa kuirusha mkono mmoja. Dawa ni fundi silaha mwenye leseni kuweka pini ya bawaba kubwa zaidi au kujaza ndoano ya chini ya mitutu, ile inayoshika pini hiyo, na kuichonga upya. Kuna wanaoweka kipande cha bati la kopo kwenye ndoano ili ibane. Inabana kweli, kwa risasi kumi hivi, kisha bati linasagika na pengo linakuwa kubwa kuliko mwanzo.

Bamba la katikati. Mitutu miwili imeunganishwa kwa bamba lililolehemiwa kwa risasi laini, ile ya madini, si ya kupiga. Ning'iniza mitutu kwa kamba kwenye ndoano ya chini, ipige polepole kwa ukucha au kalamu ya mbao. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa mlio wa kukwaruza au kutetemeka, bamba limeachia mahali, na maji yanaingia katikati ambako huwezi kufuta. Bunduki nyingi za maeneo ya ukungu zinaozea hapo.

Ndani ya mtutu. Elekeza dirishani, tazama kutoka pande zote mbili. Mng'aro ni mzuri. Madoa meusi ya juu juu yanavumilika. Vishimo vilivyojipanga mbele ya chemba, kwenye sentimita 20 za kwanza, ndivyo vibaya. Baikal IZH-43 imepakwa kromu ndani na ndiyo sababu moja kubwa ya kuipendekeza kwa mtu wa Tukuyu au Mufindi kuliko bunduki nzuri ya Kiingereza isiyo na kromu. Ni nzito, haina urembo, na wenzo wake wa juu ni mgumu ikiwa mpya, lakini ndani yake kutu inapata taabu.

Pini za kupiga fataki, kile kiwashio kilicho katikati ya kitako cha risasi. Tazama ganda lililokwisha kupigwa. Alama inapaswa kuwa ya duara, katikati, isiyotoboka. Fataki iliyotoboka ina maana pini ina ncha kali au ndefu mno, na moshi wa moto unarudi nyuma usoni. Alama hafifu ni springi dhaifu au mafuta yaliyoganda ndani ya mtambo. Hilo la pili ndilo la kawaida huku kwa baridi: mtu kapaka mafuta mazito mwaka wa juzi, yamekuwa gundi, na asubuhi ya mwezi wa saba bunduki inagonga tu bila kulia.

Usafi wa kila baada ya kupigwa unachukua dakika kumi na tano. Unahitaji fimbo ya kusafishia ya mbao au alumini, brashi ya shaba ya geji 12, vitambaa vya pamba (khanga iliyochakaa ni bora kuliko shati, haina nyuzi za plastiki), dawa ya kuyeyusha baruti au mafuta ya taa ukikosa, na mafuta ya cherehani. Pitisha kitambaa kikavu kutoka upande wa chemba. Kisha brashi iliyoloweshwa mara kumi hivi kila mtutu. Subiri dakika tano, kitambaa tena hadi kitoke safi. Chemba ina shida yake: plastiki ya maganda inaacha utando mwembamba, unashika maji chini yake, na kutu inaanzia hapo. Zungushia brashi pamba ya chuma ya daraja la 0000, laini kuliko zote, uizungushe kwenye chemba tu, isiende mbele. Maliza kwa kitambaa chenye matone matatu ya mafuta ya cherehani, nje na ndani, na grisi ya beringi kiasi cha punje ya mchele kwenye pini ya bawaba na kwenye ndoano.

Kuhusu mafuta, hapa watu wanaharibu vitu vya thamani. Oili chafu ya gari ina masizi na asidi. Inang'arisha leo na kula rangi ya chuma kesho. Mafuta ya kula na samli yanaganda. Mafuta ya taa yanayeyusha uchafu vizuri lakini yakikauka yanaacha chuma uchi, kwa hiyo lazima yafuatwe na mafuta halisi. Ile dawa ya kopo ya kupuliza ya WD-40 ni nzuri kwa kufukuza maji bunduki ikinyeshewa, ila inapeperuka. Ifute na upake mafuta ya cherehani juu yake. Na kidogo kinatosha. Chuma kinachochuruzika mafuta si chuma kilichotunzwa.

Sababu ya kusema kidogo kinatosha ni kitako. Bunduki ikisimama kabatini mdomo juu, mafuta yote ya ziada yanashuka kwenye mtambo, na kutoka mtambo yanaingia kwenye kichwa cha kitako, pale mbao inapokutana na chuma. Mbao iliyonyonya mafuta inakuwa laini na nyeusi, haishikilii teke la risasi, inapasuka nyuma ya mtambo. Isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa, hasa wiki ya kwanza baada ya kuisafisha. Kasha liwe la chuma, limefungwa ukutani kwa bolti, ufunguo mmoja, risasi kwenye kasha jingine. Usiiweke kwenye begi la ngozi au la sponji kwa miezi. Begi ni la safari, linashika unyevu kama blanketi. Na kuitundika juu ya meko, desturi inayopendwa sana, kunaipaka moshi wenye asidi kila jioni. Pakiti za silika ndani ya kasha zinasaidia ikiwa utazikausha: saa mbili kwenye oveni ya moto mdogo, kama nyuzi 110, kila baada ya mwezi mmoja kipindi cha mvua. Pakiti iliyolowa ni mapambo tu.

Sasa marekebisho. Mtu akitaka bunduki yake imfae zaidi, hela yote iende kwenye mbao. Chuma kiachwe kama kilivyotoka kiwandani. Kukata mtutu uwe mfupi ni kuingia kwenye makosa ya silaha, na hata kama kusingekuwa na sheria, choki, yaani mbano wa mdomo unaokusanya marisau, iko kwenye sentimita chache za mwisho za mtutu, ukikata umeitupa. Kugusa triga ili iwe laini kwa kusugua ndoano zake ni njia ya kupata bunduki inayojipiga ikiangushwa. Na kufuta au kupiga upya namba, hilo halihitaji maelezo.

Kitako ndicho kinachoamua kama marisau yatakwenda unapotazama. Kipimo cha kwanza ni urefu kutoka triga ya mbele hadi katikati ya mwisho wa kitako. Za kiwandani nyingi ni kama milimita 365, zimepimwa kwa Mzungu wa urefu wa kati aliyevaa shati na koti jepesi. Mtu mfupi zaidi, au mtu wa Makete anayevaa koti zito miezi mitatu, atasumbuka: kitako kinakwama kwapani wakati wa kukipandisha, anakipachika kwenye mkono badala ya bega, na bega linavimba. Kipimo cha kuweka kitako kwenye kiwiko na kuona kama kidole kinafika triga kinatumiwa sana na kinadanganya. Kilicho cha kweli ni hiki: bunduki tupu, macho umefumba, ipandishe begani mara kadhaa kwa nguo utakazotumia, kisha fumbua. Kati ya pua na kidole gumba kilichoshika shingo ya kitako kuwe na upana wa vidole viwili hadi vitatu. Pua ikigonga gumba, kitako ni kifupi. Ukiona unanyoosha shingo kama twiga, ni kirefu.

Kipimo cha pili ni kina. Weka rula ndefu juu ya bamba la mitutu ivuke hadi juu ya kitako; pima kutoka rula hadi mbao pale shavu linapokaa, na tena kwenye kisigino cha nyuma. Milimita 38 mbele na 55 hadi 60 nyuma zinamfaa mtu wa kawaida. Ukiangalia na kuona nyuma ya mtambo badala ya kuona bamba zima kama barabara, shavu limekaa chini mno. Gundisha kipande cha ngozi cha milimita 2 au 3 juu ya kitako kwa majaribio, kabla ya kufikiria kuchonga. Ukiona bamba lote limeinuka kama mlima, kitako kiko juu mno, na hapo ndipo randa na msasa vinaingia, milimita moja kwa wakati.

Kukata urefu: amua kwanza unene wa raba utakayoweka. Ukitaka 350 kwa jumla na raba ni milimita 20, mbao ikatwe kwenye 330, si 350. Kosa hili la hesabu ni la kila siku. Zungushia solotepu ya karatasi pale pa kukata, chora mstari juu yake ukifuata pembe ileile ya mwisho wa zamani, tumia msumeno wa meno madogo, anzia ncha ya chini kwa sababu ndiyo inayobanjuka ukiiachia mwisho. Baada ya kukata, mbao imefunguliwa nyuzi zake zote, inanywa unyevu kama kitambaa. Paka mafuta ya kitani au vanishi kwenye sehemu iliyokatwa na ndani ya matundu ya skrubu mara tatu kabla ya kufunga raba. Wasiofanya hivyo huona baada ya masika raba imeachia na mbao imetanuka kuzidi mpaka wake.

Kitako kilichopasuka nyuma ya mtambo kinatibika kama hakijaachana vipande viwili. Tatizo ni mafuta yaliyomo, kwa sababu gundi haishiki. Changanya unga wa chaki na tina ya rangi iwe kama uji mzito, paka juu ya sehemu nyeusi, acha ikauke, futa, rudia. Chaki inatoka ya kahawia mara za kwanza. Ikitoka nyeupe, anza kazi. Tumia epoksi ya kukauka polepole, ile ya saa 24, uisukume ndani ya ufa kwa uzi, funga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa vipande. Kwa ufa mrefu, toboa na uingize fimbo ya shaba ya milimita 3 yenye nyuzi za skrubu, ikikatiza ufa. Gundi nyeupe ya seremala kwenye mbao yenye mafuta itashika wiki mbili.

Kikiwa kimekwisha kabisa, kichongwe kipya, na hapa nyanda hizi zina bahati. Mninga wa Chunya ni mbao nzuri sana kwa kitako: haujikunji sana unyevu ukibadilika, si mzito kupita kiasi, nyuzi zake zinachongeka. Mpingo ni mzito mno. Paini ya Sao Hill inapasuka shingoni kwa risasi za kwanza, na mkaratusi unajipinda. Tafuta ubao wa unene wa milimita 60, upana 150, urefu 420, wenye nyuzi zinazonyooka kupitia pale patakapokuwa shingo; mchoro mzuri ubaki kwa nyuma. Usikubali neno la muuzaji kwamba umekauka. Paka rangi kwenye ncha mbili, uweke ndani ya nyumba, uupime kila wiki kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki nne mfululizo, uko tayari. Na anayeusugua avae barakoa: vumbi la mninga linaleta pumu kwa baadhi ya watu.

Seremala apewe kitako cha zamani tu. Chuma hakilali kwenye karakana ya samani. Leseni ina jina lako, si lake. Kwa kuchonga pale mbao inapokumbatia mtambo, mwenye bunduki akae hapohapo na chuma chake. Njia ni masizi: moshi wa koroboi unapakwa kwenye chuma, chuma kinasukumizwa taratibu kwenye mbao, kinatolewa, na kila palipoachwa nyeusi panakwanguliwa kidogo kwa patasi kali. Ni kazi ya siku mbili na haina njia ya mkato. Mwishoni, nyuma kabisa ya ule mkia wa chuma unaolala juu ya shingo, acheni pengo la nusu milimita hadi moja. Bila pengo hilo, kila teke linausukuma mkia kama kabari na shingo inapasuka katikati. Mafundi samani hawapendi pengo, wanaliona kama kazi chafu. Waambieni ni lazima.

Vanishi ya samani inang'aa dukani na kubanduka shambani, maji yakipita chini yake yanaacha mabaka meupe. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa ni bora. Pako la kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini lizame. Yanayofuata ni mafuta matupu, matone machache yakisuguliwa kwa kiganja hadi kiwe cha moto. Mapako nane hadi kumi. Kiangazi siku moja kati ya pako na pako inatosha. Machi na Aprili huko Rungwe, subiri siku tatu, vinginevyo mbao inabaki inanata hadi Pasaka ya mwaka ujao. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke vikiwa vimekunjuliwa. Vikirundikwa kwenye kona vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto, si hadithi.

Choki na marisau, kwa kifupi kwa kuwa vinategemea leseni na kibali. Kwa kawaida mtutu wa kushoto unabana zaidi. Choki kamili inapunguza mdomo kwa kama milimita 1, nusu kwa 0.5, robo kwa 0.25. Choki kamili inalenga kuweka asilimia 70 ya marisau kwenye duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36.5, nusu ni asilimia 60, mtutu usio na choki ni 40. Kwa saizi za Kiingereza, SG ni punje za milimita 8.4, AAA 5.2, BB 4.1. Punje kubwa kupitia choki kamili mara nyingi hugombana mdomoni na kutawanyika vibaya, kwa hiyo SG ipigwe kwenye mtutu wa choki ndogo. Marisau ya chuma yasipite kamwe kwenye mitutu ya zamani yenye choki kamili. Hayabonyei kama risasi laini, yanavimbisha mdomo.

Na leseni ya silaha si kibali cha kuua mnyama. Nguruwe pori akiingia kwenye mahindi, anayeitwa ni afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kwa waishio pembeni mwa msitu wa Rungwe na Kitulo kuna sababu ya ziada: kipunji, nyani wa manyoya marefu ya kahawia mwenye kishungi kichwani, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2005, anapatikana huko na Ndundulu kwenye Udzungwa, basi. Kwa mbali, kwenye ukungu, mtu mwenye hasira ya mahindi hamtofautishi na ngedere.

Mawili ya mwisho yanapasua mitutu kuliko uzee. La kwanza ni risasi ya geji 20 iliyochanganyika mfukoni na za 12. Ikitumbukizwa kwenye chemba ya 12 inateleza, inakwama mbele ya chemba, na ukitazama haraka unaona chemba tupu. Mtu anaweka ya 12 nyuma yake na kupiga. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za rangi ya njano, na ndiyo sababu nyumba yenye bunduki ya 12 isiwe na hata moja ya 20. La pili ni nyigu wa udongo. Bunduki iliyoachwa stoo wiki tatu kipindi cha joto, kama Usangu au Kyela, inaweza kuwa na kiota kigumu kama tofali katikati ya mtutu. Kabla ya kuweka risasi, fungua, elekeza angani, tazama mitutu yote miwili hadi uone mwanga wa duara kamili. Kama ni jioni na mwanga hakuna, pitisha fimbo.